Mstari Mmoja wa Daftari

Kwenye makaburi ya Oconee Hill, mjini Athens, jimbo la Georgia, nilisimama asubuhi moja nikimtazama mzee akisafisha jiwe la kaburi. Alikuwa na ndoo ya maji, brashi laini na kijiti cha kutolea kuvu. Dawa ya kung'arishia hakuitaka, maana hula marumaru. Alililowesha jiwe, akangoja, kisha akasugua taratibu kutoka chini kwenda juu. Maandishi bado hayakusomeka. Akatoa kioo, akalitega jua mpaka mwanga ukapita ubavuni mwa jiwe, na herufi zikaanza kuinuka moja moja, kila moja na kivuli chake. Nikaona haya. Mimi nimezoea kupiga picha ya kaburi na kwenda zangu.

Nilikuwa nimemfuata daktari Crawford Long, aliyezikwa humo mwaka 1878 baada ya kuanguka akimzalisha mama. Alianzia kazi Jefferson, kijiji kilichokuwa mbali na reli, ambako daktari aliwaendea wagonjwa kwa farasi. Hapo, tarehe 30 Machi 1842, alimvutisha mgonjwa wake James Venable etha kwa taulo ili asisikie maumivu, akamkata uvimbe shingoni. Venable hakuamini kwamba kazi imekwisha mpaka alipoonyeshwa uvimbe wenyewe. Long hakutangaza. Mwaka 1846 William Morton aliionyesha etha mbele ya madaktari wa Boston, na sifa ya nusukaputi ikaenda huko. Makala ya Long ilitoka mwaka 1849.

Lililomtetea katika dai la kuwa wa kwanza ni daftari lake la hesabu. Humo mna jina la Venable, etha, kukatwa uvimbe, dola 2. Basi. Aliandika kama mwenye duka aandikavyo deni la sukari, bila kujua kwamba siku moja mstari ule utapimwa neno kwa neno. Familia yake ilisimulia kwamba wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, majeshi ya Kaskazini yalipokaribia, karatasi za ushahidi wake zilitiwa kwenye chupa zikafukiwa ardhini. Kila nikifikiria chupa ile natulia. Walijua thamani ya karatasi, wakaizika ili iishi.

Lakini mtafuta habari mwema hasomi mstari anaoupenda peke yake. Katika makala ile ya 1849 yumo kijana mweusi aliyekatwa vidole viwili: kimoja kwa etha, kingine bila etha, ili tofauti ijulikane. Kimoja hakukisikia, kingine kilimuuma. Georgia ilikuwa nchi ya utumwa, na maumivu yake yakawa kipimo. Venable ana jina, ana tarehe, ana bei. Kijana yule hakutajwa jina. Ufundi huu wa kutafuta habari za waliokufa ningeusifu nusu kama ningemtafuta daktari tu nikamwacha yeye. Wapo wanaorudi kwenye madaftari ya mabwana wa watumwa, hati za mirathi na orodha za kodi, wakitafuta jina la mtu kama yule kwa miaka, na mara nyingine hupata jina moja tu lisilo na ubini.

Kwetu sisi, karatasi kama hizo tunazitupa. Katika zahanati moja niliyoijua utotoni, madaftari ya wagonjwa yaliuzwa kwa kilo, na karanga za sokoni zikafungwa kwa majina ya watu: homa, kikohozi, mtoto wa miezi 9, kwa mwandiko wa mganga aliyekwisha kufa. Nilizila karanga zile, nikakunja karatasi na kuitupa mtaroni. Leo natamani ningejua kaburi la mganga yule liko wapi.

Mzee alimaliza jiwe lake. La pili lilikuwa dogo, limezama nusu ardhini, halina herufi hata moja. Nikadhani atalipita. Akachota maji, akalilowesha, akakaa kungoja.