Kalamu, Jembe na Hofu ya Kutofaa

Juma lililopita, mwalimu mmoja kijana niliyewahi kumfunza alinipigia simu. "Prof, nataka kuacha kazi niandike riwaya," akasema. Kabla sijamjibu, akaongeza kwa sauti ya chini: "Lakini nikisoma nilichoandika jana, najiona sifai kabisa."

Nilimshauri airejelee Utubora Mkulima ya Shaaban Robert. Aghalabu riwaya hii husomwa kama sifa kwa kilimo na maisha ya shamba. Mimi naiona kuwa hadithi ya mtu anayechagua wito wake. Utubora anaacha kazi ya mshahara mjini na kurudi Busutamu kushika jembe. Uamuzi wake unawashangaza wengine, yeye hatikisiki.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye udhaifu wa riwaya. Utubora hana shaka hata chembe. Kama jina lake linavyodokeza, yeye ni utu bora uliovikwa kanzu. Hatumwoni akikesha, akijiuliza iwapo amekosea. Msomaji anayetapatapa kati ya mshahara na ndoto hapati mwenzake humo.

Lakini hebu tumtazame mwandishi mwenyewe. Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa sehemu kubwa ya maisha yake, akianzia idara ya forodha. Alimpa mhusika wake hatua ambayo yeye hakuichukua kwa miaka mingi. Hata hivyo, hakungoja kuacha kazi ndipo aandike. Kusadikika ilitoka 1951 angali mwajiriwa. Alifariki 1962, Kufikirika ikachapishwa 1967, na Utubora Mkulima yenyewe 1968. Hakuwahi kuzishika mkononi zikiwa vitabu, lakini alikuwa amekwisha kuziandika.

Kwa hivyo nilimwambia mwalimu wangu: usiache kazi kwanza. Andika kurasa mbili kila jioni. Hiyo hofu ya kutofaa isikutishe. Mara nyingi ni dalili kwamba jicho lako la kusoma limekomaa kuliko mkono wako wa kuandika, na mkono haukomai ila kwa kuandika. Shaka ikija, ipe kazi ya kuhariri. Usiipe kiti cha hakimu.

Juzi alinitumia sura ya kwanza. Nimeijaza wino mwekundu. Sasa nasubiri ya pili.