Mgombea Binafsi Alifungiwaje Nje?

Pekua Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ukurasa kwa ukurasa, hutakuta ibara inayotamka kwamba mgombea binafsi amepigwa marufuku. Waandishi wake walikuwa mafundi zaidi ya hapo. Ibara ya 67 inataja sifa za anayetaka ubunge: awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Kisha, kana kwamba ni sifa ya aina ileile, inataka awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Ibara ya 39 inamtaka mgombea urais vivyo hivyo. Asiye na chama hajakatazwa na mtu. Amepungukiwa sifa tu, sawa na kijana wa miaka 20.

Mbunge aliyejisimamia mwenyewe si mgeni katika historia yetu. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71 vya Tanganyika. Kimoja kilichoiponyoka kilikuwa Mbulu, ambako Herman Sarwatt alimshinda mgombea rasmi wa chama, Chifu Amri Dodo. Sarwatt mwenyewe alikuwa mwana-TANU. Wapiga kura wa Mbulu hawakuikataa TANU, walilikataa jina walilopelekewa. Alipofika bungeni alikwenda kukaa na wenzake wa TANU, na nchi ikaelekea kwenye uhuru bila mtikisiko wowote.

Sharti la uanachama ni masalia ya mfumo wa chama kimoja. Wakati huo kumtaka mgombea awe mwanachama wa Chama kulikuwa na mantiki yake, kwa kuwa Chama kilishika hatamu na uchaguzi ulifanyika ndani yake. Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, Chama, kwa herufi kubwa, kikawa chama chochote kilichosajiliwa. Mlango wa chama ukabaki kuwa mlango pekee, na kilichoongezeka ni idadi ya mabawabu.

Hapo ndipo alipoingia Mchungaji Christopher Mtikila. Watu wengi wanamkumbuka kwa ukali wa mikutano yake, lakini mchango wake mkubwa ulikuwa mahakamani. Alifungua shauri Mahakama Kuu Dodoma mwaka 1993, na Jaji Kahwa Lugakingira akaona mgongano ambao wengi waliupita. Ibara ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Ibara ya 21 ilimpa kila raia haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi. Ibara ya 67 ilimtaka awe na kadi ya chama. Jaji hakufuta ibara hata moja. Alizisoma pamoja, akazipa uzito haki za msingi, akaamua Oktoba 1994 kwamba raia asiye na chama anaweza kugombea.

Serikali haikungoja hata hukumu itoke. Muswada wa kubadili Katiba ulipelekwa bungeni shauri likiwa bado mahakamani, na kabla mwaka haujaisha Bunge likapitisha Mabadiliko ya Kumi na Moja, Sheria Na. 34 ya 1994. Wanaosoma sheria kwa jicho la fundi wayatazame vizuri mabadiliko hayo. Wangeweza kuongeza nguvu kwenye Ibara ya 67 peke yake, lakini jaji mwingine angeweza tena kuiweka chini ya haki za msingi. Kwa hiyo waliigusa Ibara ya 21 yenyewe, wakaifanya haki ya kushiriki iwe chini ya masharti ya Ibara za 39, 47 na 67. Ngazi aliyoitumia Lugakingira ikageuzwa juu chini: haki ndiyo sasa inayosubiri sharti. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amestaafu, aliikemea hatua hiyo hadharani na katika maandishi yake, na hoja yake ilikuwa nzito: kama haki moja ya msingi inaweza kupunguzwa hivi, ipi nyingine iko salama?

Mtikila alirudi Mahakama Kuu mwaka 2005. Majaji watatu, Manento, Massati na Mihayo, walimpa ushindi Mei 2006 na kuitaka Serikali iandae utaratibu kabla ya uchaguzi uliofuata. Rufaa ilisikilizwa na majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, na Juni 2010 wakasema Katiba inaipa mahakama mamlaka ya kubatilisha sheria zinazokwenda kinyume nayo, haiipi mamlaka ya kubatilisha ibara za Katiba yenyewe. Suala ni la kisiasa, walisema, liamuliwe na Bunge. Hukumu hiyo inatetewa kwa hoja ya mgawanyo wa madaraka, na hoja hiyo si nyepesi. Lakini angalia matokeo yake: waliorudishiwa uamuzi ni wabunge, na kila mbunge wa jimbo aliingia kwa mlango wa chama. Sioni chombo kingine nchini chenye masilahi ya moja kwa moja kiasi hicho katika jibu la swali hili.

Kutoka hapo shauri likapanda hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ambako Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao walikuwa wamefungua la kwao. Tarehe 14 Juni 2013 Tanzania ilikutwa imekiuka Mkataba wa Afrika, katika haki ya kushiriki uongozi, uhuru wa kujumuika na usawa mbele ya sheria. Hoja za Serikali kuhusu ukabila na umoja wa kitaifa hazikutosha kuhalalisha zuio lenyewe. Mwaka huohuo rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ikamweka mgombea huru ndani yake, lakini mchakato ukakwama kabla ya kura ya maoni. Mtikila akafariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu uliofanyika kwa sharti lilelile.

Wanasiasa, kama ilivyo kawaida yao, hawakungoja mahakama. Walibuni njia ya kuazima chama. Jina likikatwa kwenye kura za maoni, mtu anahamia chama kingine na kurejesha fomu kabla ya muda kwisha. John Shibuda alitoka CCM mwaka 2010 akashinda Maswa Magharibi kwa tiketi ya Chadema. Zitto Kabwe, baada ya kutoka Chadema, alitwaa Kigoma Mjini mwaka 2015 kwa ACT-Wazalendo. Katika hali kama hizo mpiga kura anamfuata mtu, huku karatasi ikimhesabia chama.

Ila chama cha kuazima kina riba. Ibara ya 71 inasema mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni anapoteza kiti. Kamati ya chama, isiyopigiwa kura na wananchi wa jimbo, inaweza kwa kikao kimoja kumwondoa mtu waliyemchagua. David Kafulila alipofukuzwa NCCR-Mageuzi, na Hamad Rashid Mohamed alipofukuzwa CUF, wote wawili walikimbilia mahakamani kulinda viti vyao. Wabunge 19 wa viti maalumu waliofukuzwa Chadema mwishoni mwa 2020 waliendelea kukaa bungeni, na mabishano juu yao yakachukua miaka. Ibara hiyohiyo ndiyo iliyowalazimu Maulid Mtulia wa Kinondoni na Godwin Mollel wa Siha, walipohamia CCM, kurudi kuomba kura upya mwaka 2018.

Kwa hiyo anayefikiri kwamba dawa ni kufuta mstari mmoja katika Ibara ya 67 amehesabu nusu ya kazi. Kenya inaonyesha nusu ya pili. Katiba yao ya 2010, Ibara ya 85, inamtaka mgombea huru awe hana chama kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Ibara ya 99 inamtaka aungwe mkono na wapiga kura 1,000 wa jimbo akitaka Bunge la Taifa, au 2,000 wa kaunti akitaka Seneti. Ibara ya 103 inamfunga upande wa pili: akichaguliwa akiwa huru kisha akajiunga na chama, kiti kinaondoka.

Ile miezi mitatu ndiyo kiungo kinachostahili kuchunguzwa zaidi. Ilikusudiwa kuwazuia walioshindwa kwenye mchujo wa vyama wasigeuke huru usiku mmoja. Mwaka 2017 uchaguzi ulikuwa Agosti 8 na vyama vikafanya michujo Aprili, hivyo aliyeangushwa alikuwa bado na siku za kujiuzulu kabla ya Mei 8. Waliitumia nafasi hiyo kwa wingi. Mwaka 2013 walioingia Bunge la Taifa wakiwa huru walikuwa wanne, mmoja wao Wesley Korir wa Cherangany, mkimbiaji aliyeshinda Boston Marathon mwaka mmoja kabla. Mwaka 2017 walizidi kumi. Maafa yaliyotabiriwa mbele ya majaji, ya ukabila na kuvunjika kwa umoja, hayakutokea: wengi wa wabunge hao waliegemea mrengo mmoja au mwingine kwenye kura, kama Sarwatt alivyokaa na TANU.

Kwetu sehemu ya mtambo ipo tayari. Kwa muda mrefu sheria ya uchaguzi imemtaka hata mgombea ubunge wa chama alete wadhamini wasiopungua 25 waliojiandikisha jimboni. Kuipandisha idadi hiyo kwa asiye na chama ni kazi ya mchana mmoja kwa mwandishi wa sheria. Ngumu ni viti maalumu, ambavyo hugawiwa kwa uwiano wa kura za vyama: je, kura za mgombea huru ziingie kwenye hesabu au ziwekwe kando? Na ruzuku, ambayo nayo hufuata kura na viti vya vyama? Kenya ilikubali mgombea huru asipate fungu la fedha za vyama wala viti vya orodha, na nadhani hapo ndipo rasimu yoyote ya Dodoma ingeanzia.

Kwenda Arusha, kwa sasa, si rahisi tena. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililomruhusu raia kufungua shauri moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika, na uamuzi huo ukaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Hukumu ya 2013 haikufutwa na hatua hiyo. Ibara ya 67 bado inadai kadi.