Fani ya Mwongozo wa Long-EZ

Sura ya tatu ya mwongozo wa kujenga ndege ndogo ya Long-EZ haijengi ndege hata kidogo. Burt Rutan, mbunifu wa ndege wa Mojave, California, alianza kuuuza mwaka 1980 kwa watu wanaojijengea ndege gerejini, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko. Msomaji amekwisha pitia utangulizi na orodha ya vifaa, mikono inamwasha, anataka bawa. Anaamriwa kutengeneza vipande vya mazoezi. Kimojawapo ni bamba bapa la kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi ya epoksi. Likishakauka, analikata kwa vipimo na kulipima uzito. Likiwa zito kupita kiasi, ajue amemwaga gundi nyingi mno. Kingine ni kipande cha foma, yaani povu gumu jepesi, kilichovishwa kitambaa hicho hicho, ambacho hana budi kukielemeza uzito mpaka aamini mwenyewe kwamba kazi ya mikono yake haivunjiki ovyo. Kipo pia kizuizi cha kushikilia vitabu rafuni, kinachomfunza kuunganisha kona.

Mtunzi wa riwaya akichelewesha tukio kuu, hutaka kutujengea taharuki. Rutan anachelewesha ili kumbadilisha msomaji. Anayefika sura ya nne si yule aliyefungua kitabu: jicho lake sasa linajua kitambaa kilichoshiba gundi na kile chenye kiu, na limejifunza hayo kwenye kipande kisichobeba roho ya mtu. Sheria ya Marekani inaitambua ndege kuwa imejengwa na mwananchi asiye kiwanda pale sehemu yake kubwa inapotengenezwa na watu waliojitwika kazi hiyo kwa ajili ya elimu au burudani yao. Wauzaji wengi wa vifaa vya ndege kama hizo huliona sharti hilo kama kibali cha kupigania. Rutan ameligeuza kuwa sura ya kitabu, na hapo ndipo ninapouona ukubwa wake kama mwandishi.

Lugha yenyewe ni ya nafsi ya pili na ya amri: kata, lowesha, kandamiza, subiri. Michoro haikufungiwa kwenye karatasi za mhandisi peke yake. Inaingia katikati ya maelezo, pale hasa mkono unapoanza kusita. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ukataji wa bawa. Foma hukatwa kwa waya uliopashwa moto kwa umeme, unaovutwa na watu wawili, mmoja kila upande, wakifuata violezo vilivyoandikwa namba. Mwongozo unataka namba zitamkwe kwa sauti, ili ncha zote mbili za waya zipite alama ileile kwa wakati mmoja. Ghafla maandishi yamekuwa tamthilia: wahusika wawili na usemi wa namba tupu. Mmoja akitangulia, umbo la bawa linaharibika, na kosa hilo litabaki ndani ya bawa.

Ili kuona fani hii ilivyo na uzito, mtazame Henri Mignet, Mfaransa aliyerusha kindege chake kiitwacho Pou-du-Ciel mwaka 1933, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu cha kuwafundisha wengine kukijenga. Mignet aliandika kwa nafsi yake mwenyewe, kwa bashasha ya mtu aliyegundua furaha na hataki kuila peke yake. Sauti hiyo iliwavuta watu wengi Ufaransa na Uingereza. Kisha vindege vikaanza kuanguka, na vipimo vya maabara za upepo katika nchi hizo mbili vikaonyesha kwamba pua ikiinama kupita kiasi, rubani hawezi tena kuiinua. Lakini kitabu kilikuwa kimekwisha chapwa na kusambaa. Hakikuwa na mlango wa kupitishia onyo.

Rutan aliuacha mlango wazi. Mwongozo wake uliendelea katika jarida lake, ambamo kila sahihisho lilipewa daraja: la lazima na ndege isiruke kabla halijafanywa, la lazima ndani ya saa kadhaa za kuruka, linalopendekezwa, la hiari, au kosa dogo ama upungufu mdogo. Mwandishi anayepanga makosa yake kwa uzito hivyo, mbele ya wasomaji wake, anastahili heshima.

Hata hivyo “wewe” wa mwongozo huu ni mjenzi tu. Oktoba 1997 mwanamuziki John Denver alifariki baada ya Long-EZ aliyoinunua kuanguka katika ghuba ya Monterey. Michoro ya Rutan iliweka koki ya kuchagulia tangi la mafuta mbele ya rubani, kati ya miguu. Mjenzi wa ndege ile alikuwa ameihamishia nyuma ya bega la kushoto, na kuhangaika kuifikia kulichangia ajali. Denver hakuijenga ndege hiyo, kwa hiyo sentensi za mwongozo hazikuwa zimeandikwa kwake. Hapa fani inafika ukingoni: amri humfikia anayeshika mkasi, na anayekuja kushika usukani baadaye hurithi mkengeuko bila kurithi ukurasa uliokengeukwa.

Uuzaji wa michoro ulikoma mwaka 1985, na Long-EZ zimeendelea kupita mikono hadi mikono. Anayenunua moja leo adai pia mwongozo na rundo zima la majarida, kisha alinganishe ndege na maandishi ukurasa kwa ukurasa kabla ya kulipa.