Gia Ikigoma kwenye Subaru, Anza Nje ya Giaboksi

Subaru Impreza WRX ya kizazi kilichotoka mwaka 2000 hadi 2007 ina sifa mbili mitaani kwetu, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi. Ya kwanza ni mbio. Ya pili ni kwamba giaboksi yake ya gia tano ni kioo, ukiibana kidogo inakufa. Sifa hii ya pili imewala watu fedha nyingi bila sababu. Siku gia inapoanza kukwaruza, mwenye gari anaambiwa palepale kwamba boksi imekwisha, twende kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani tukatafute nyingine ya mtumba. Nitaeleza jinsi gari moja la aina hiyo lilivyopona, kwa sababu kazi ile ilifuata mpangilio ninaoamini kila fundi angepaswa kuufuata: nje kwanza, ndani baadaye.

Dalili zilikuwa tatu. Gari likiwa limesimama huku injini inawaka, gia ya kwanza ilikuwa nzito na rivasi ilikwaruza. Mkono wa gia ulikuwa unacheza huku na huku hata gia ikiwa imeshaingia. Na ukivuta gia ya pili mpaka mzunguko wa 6,000 kisha ukapiga ya tatu kwa haraka, ya tatu ililia, ule mlio wa chuma kusaga chuma unaomfanya abiria ageuke kumtazama dereva. Gereji ya kwanza ilitaka kubadili giaboksi nzima bila hata kunyanyua boneti. Fundi wa pili alizima injini.

Injini ikizimwa, shafti inayoingia kwenye giaboksi inatulia. Ukiweza kupitisha gia zote bila kikwazo wakati huo, na zikagoma injini inapowashwa, basi una sababu nzuri ya kuamini kwamba klachi haiachii vizuri. Ukikanyaga pedeli mpaka chini, sahani ya klachi bado inagusa flaiwili, inaendelea kuizungusha shafti, na unalazimisha gia iingie kwenye kitu kinachozunguka. Kama gia zinagoma hata injini ikiwa imezimwa, hapo mshitakiwa ni mkono wa gia na vyuma vyake, au uma za ndani. Kwenye gari hili zote tano ziliingia bila shida, pamoja na rivasi.

Akawasha. Akakanyaga klachi, akasubiri sekunde chache huku mguu uko chini, kisha akajaribu rivasi. Ikakwaruza. Shafti ilipaswa kuwa imesimama kufikia wakati huo, kwa hiyo kulikuwa na kitu kinaendelea kuizungusha. Kitu hicho kinaweza kuwa klachi isiyoachia, na pia inaweza kuwa beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili inayoshika ncha ya shafti, ambayo ikikauka huivuta shafti hata kama sahani imeachia. Jaribio lililofuata ndilo lililotenganisha hivyo viwili: alipampu pedeli mara kadhaa haraka haraka, akajaribu tena. Rivasi ikaingia kimya. Beringi iliyokauka haiponi kwa kupampu pedeli. Mfumo wa mafuta ya klachi wenye upepo au unaovuja ndio unaopona kwa muda ukiupampu.

Kopo la mafuta ya klachi lilikuwa na kitu cheusi kama mafuta ya injini yaliyochoka. Silinda ya chini, ile mafundi wanayoiita slevu, kwenye gari hili imekaa juu ya giaboksi, na juu yake kuna intakula, kile kipoza hewa cha turbo, kwa hiyo wengi hawaioni kabisa mpaka wafungue vitu. Fundi alitoa intakula, akavuta raba inayofunika kijiti cha slevu kwa vidole viwili, na tone likashuka. Raba ile inatakiwa iwe kavu ndani. Mahali pale ni pa joto, karibu na turbo. Mafuta ya breki, ambayo ndiyo yanayotumika kwenye klachi, yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema na ndivyo yanavyokula kuta za silinda. Hapa Pwani, ambako hewa yenyewe ni mbichi mwaka mzima, sioni sababu ya mtu kukaa na mafuta yale yale zaidi ya miaka miwili.

Slevu ilibadilishwa, pamoja na mpira wa kupeleka mafuta, kisha kazi ya kutoa upepo ikafanywa na watu wawili: mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nati na kuifunga kabla pedeli haijaachiwa. Kabla ya kumaliza, fundi aliingiza kichwa chini ya dashibodi na kumulika bano la pedeli kutafuta ufa kwenye sehemu ilipochomelewa. Bano likipinda, sehemu ya nguvu ya mguu inapotelea hapo na slevu mpya haikusaidii kitu. Lilikuwa zima. Rivasi ikapona siku hiyo hiyo, na gia ya kwanza pia.

Mkono wa gia kucheza lilikuwa jambo jepesi. Kwenye Subaru, mkono unaungana na giaboksi kwa fimbo inayopita chini ya gari, na kuna bushi na raba zinazoishikilia. Zikilika, mkono haujui gia iko wapi. Zilibadilishwa, pamoja na raba ya kile kifimbo kinachozuia injini na giaboksi visitikisike mbele na nyuma unapokanyaga mafuta. Vijana wengi hapa hukimbilia kufunga mkono mfupi wa gia. Simshauri mtu afanye hivyo kabla ya kubadili bushi, kwa sababu mkono mfupi unapunguza nguvu ya wenzo, unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na mzigo wote unaangukia sinkro, zile pete zinazosawazisha mwendo kabla gia haijaingia.

Na sinkro ndiyo iliyobaki. Gia ya tatu ilikuwa bado inalia ukiipiga haraka, ingawa kidogo kuliko mwanzo.

Tuangalie hesabu. WRX ya 2002 iliyouzwa Marekani ina uwiano wa 1.947 kwenye gia ya pili na 1.366 kwenye ya tatu. Ukibadili kwa mzunguko wa 6,000, shafti na sahani ya klachi vinatakiwa vishuke mpaka kama 4,200 kabla meno hayajakutana, na hayo yote katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho mara mbili. Anayefanya kazi hiyo ni pete ya sinkro, ambayo kwa kawaida ni ya shaba ya njano, yenye koni ndani na mistari myembamba ya kukata mafuta. Inabana koni ya gia, msuguano unasawazisha mwendo, kisha meno yanaruhusiwa kupita. Klachi isipoachia, pete ile haipunguzi tena mwendo wa shafti peke yake. Inashindana na injini nzima. Ndiyo maana nasema slevu inayovuja ikiachwa muda mrefu inageuka kuwa sinkro iliyokwisha. Mmiliki wa gari hili aliendesha hivyo kwa miezi, na pete ya tatu ndiyo iliyolipa.

Kuna njia ya kuthibitisha bila kufungua chochote, na madereva wa malori ya zamani wanaijua vizuri: kanyaga klachi, toa gia iwe fri, achia klachi, rekebisha mzunguko wa injini ulingane na gia unayoitaka, kanyaga tena, ingiza. Gia ya tatu ikiingia kimya kwa njia hiyo na ikalia kwa njia ya kawaida, meno yake yana uwezekano mkubwa wa kuwa mazima na pete ndiyo iliyochoka. Ndivyo ilivyokuwa. Mafuta ya giaboksi yalipomwagwa yakathibitisha: yalikuwa na vumbi la dhahabu linalometameta, na hakukuwa na vipande vyenye makali. Vumbi hilo ni shaba ya pete. Vipande vyenye makali vingekuwa habari nyingine.

Hapo nataka kusema neno kuhusu mafuta, kwa sababu nimeona watu wakimimina kila kitu mle, hata mafuta ya giaboksi za otomatiki. Kwenye Subaru hii difu ya mbele iko ndani ya kasha lile lile la giaboksi na inakula mafuta yale yale, takriban lita 3.5. Meno ya difu yanasuguana kwa mgandamizo mkubwa na yanahitaji mafuta ya daraja la GL-5, kwa kawaida 75W-90. Mafuta mepesi yanaweza kuifanya gia iingie laini kwa wiki chache huku yakiimaliza difu.

Boksi ilishushwa, sasa kwa sababu inayoeleweka. Klachi ya gari hili ni ya kuvuta, si ya kusukuma, na beringi yake imejifunga kwenye presha pleti. Shafti ya uma ya klachi lazima ichomolewe kwanza kupitia kifuniko kilicho ubavuni mwa kasha. Anayeng'ang'ania kuivuta boksi bila kufanya hivyo anavunja uma au beringi. Kasha lenyewe linapasuka katikati kwa urefu, nusu mbili. Kabla ya kugusa vifuniko viwili vya pembeni vinavyoshikilia difu, fundi aliviwekea alama kwa msumari mahali vilipokaa na kuhesabu mizunguko aliyovifungua, kwa sababu ndivyo vinavyoamua jinsi meno ya difu yanavyokutana. Hapa ndipo giaboksi nyingi zilizofunguliwa vichochoroni huanza kulia honi ya difu mwezi mmoja baadaye.

Pete ya tatu iliposhindiliwa juu ya koni yake ilikaribia kugusa gia. Mpya huacha nafasi inayopimika kwa geji ya bapa. Meno ya gia yalikuwa na kona zilizoviringika kidogo lakini yanafaa. Ikabadilishwa pete ya tatu, na ya pili kwa tahadhari, beringi ya klachi ikawekwa mpya kwa kuwa boksi ilikuwa chini tayari.

Gari sasa linapiga ya tatu kwa mzunguko ule ule wa 6,000 bila sauti. Giaboksi ya mtumba haikununuliwa. Wewe unayesoma hili na gia yako inakwaruza, usikubali boksi ishushwe kabla fundi hajazima injini mbele yako, hajapitisha gia zote, na hajakuonyesha kwa macho yako rangi ya mafuta ya klachi na raba ya slevu.