Mzuka, Bi Harusi na Lugha: Vijaydan Detha katika Fasihi ya Kirajasthani

Wahakiki wengi wanapoijadili fasihi ya lugha ya Kihindi, aghalabu huanza na Premchand (1880–1936), mwandishi aliyeanzia Kiurdu kisha akahamia Kihindi. Kinyume cha uhamaji huo hakijapewa uzito unaostahili. Vijaydan Detha (1926–2013) alianza kuandika kwa Kihindi, kisha akakipa kisogo na kurejea kijijini kwake Borunda, karibu na Jodhpur, ili aandike kwa Kirajasthani. Huko, mnamo 1960, yeye na Komal Kothari waliasisi Rupayan Sansthan, taasisi ya kuhifadhi ngano na nyimbo za eneo hilo. Zao lake kuu ni Batan ri Phulwari, yaani bustani ya ngano, lenye juzuu 14.

Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Kirajasthani kina jadi ndefu ya ushairi wa majagina, nacho kinatambuliwa na Sahitya Akademi, ambayo ilimtuza Detha mwaka 1974. Hata hivyo, hakimo katika orodha ya lugha 22 za Jedwali la Nane la Katiba ya India, na katika sensa wasemaji wake huhesabiwa chini ya Kihindi. Kuandika kwa lugha hiyo kulikuwa kudai kwamba si lahaja tu ya lugha nyingine.

Je, Detha ni mkusanyaji au ni mtunzi? Hadithi ya "Duvidha" yatosha kulijibu swali hili. Mwana wa mfanyabiashara anaoa, na papo hapo anaondoka kwenda kuchuma mali kwa miaka mitano. Mzuka uliompenda bi harusi unajivika umbo la mume na kuingia nyumbani. Baba mtu anaridhishwa na sarafu za dhahabu anazopokea kila siku. Bi harusi, kwa upande wake, anaambiwa ukweli wote, naye anauridhia. Mume halisi anaporejea, mchungaji anaunasa mzuka ndani ya kiriba, na mwanamke anabaki na mume ambaye hakumchagua.

Fani ni ya ngano: wahusika hawana majina, mizuka inasema, na fumbo linatatuliwa kwa hila ya mchungaji. Maudhui, hata hivyo, yanaupindua utaratibu wa ngano. Kwa kawaida, kunaswa kwa mzuka huwa ni ushindi wa haki. Hapa haki ya mume inathibitishwa, ilhali moyo wa mke haujaulizwa na yeyote isipokuwa mzuka. Kiumbe wa uongo ndiye msema kweli pekee. Binadamu wa kweli wanapiga hesabu. Kinaya hiki ni cha mtunzi.

Detha hakosi dosari. Mara kwa mara msimulizi wake huingilia kati na kuhutubu, kana kwamba hamwamini msomaji kulitambua lililo wazi. Lakini katika tamati ya "Duvidha" anajizuia, na kujizuia huko ndiko kunakoipa hadithi uzito.

Ushahidi wake unapatikana katika filamu. Mani Kaul aliitoa hadithi hii mwaka 1973 kwa jina lake la asili, akauacha msiba ukiwa msiba. Amol Palekar, katika Paheli (2005), aliufanya mzuka uingie katika mwili wa mume, ili mke ampate ampendaye. Watazamaji walifarijika, bali swali lilizimwa. Iwapo mzuka na mume waweza kuwa kitu kimoja, jamii haina haja ya kujibu chochote.

Pana kitendawili kimoja kinachosalia. Sifa za Detha zilivuka mipaka ya Rajasthan kwa kiasi kikubwa kupitia tafsiri za Kihindi, hasa za Kailash Kabir. Lugha aliyoiacha ndiyo iliyombeba. Yamkini mtu akahitimisha kwamba uamuzi wake ulikuwa wa bure. Hitimisho hilo ni la pupa. Kihindi kilipata cha kutafsiri kwa sababu kuna aliyekaa Borunda, akasikiliza, na akaandika kwanza kwa lugha ya wasimulizi wenyewe. Tafsiri humfikisha mtunzi mbali; haiwezi kumwandikia hadithi ambayo hakuitunga.