Anguko Lisilo na Mrithi: Uhakiki wa Dhana ya Mzunguko wa Historia katika Al-Inkishafi

Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, umezoeleka kusomwa kama ushahidi kwamba neema huzaa kiburi, kiburi huzaa anguko, na kwamba historia huzunguka hivyo daima. Usomaji huo una msingi, lakini haujitoshelezi. Uhakiki huu unadai kuwa utenzi unasimulia nusu tu ya mzunguko: unaonesha kushuka kwa Pate bila kuonesha kupanda kwa mwingine.

Tofauti hiyo hudhihirika utenzi unapolinganishwa na nadharia ya Ibn Khaldun katika Mukadima (1377). Kwake, dola hujengwa na kundi lenye mshikamano, yaani asabia. Anasa huulegeza mshikamano huo katika vizazi vichache, na kundi jingine lenye nguvu mpya hutwaa mamlaka. Katika Al-Inkishafi, warithi wa majumba si watu. Vidaka vilivyopambwa kwa vyombo vya kauri vimekuwa malalo ya makinda ya ndege. Popo wananing'inia juu. Mende na nyenje wanasikika ndani. Nyua zimeota mwitu.

Historia ya visiwa vya Lamu, hata hivyo, ilikuwa na mrithi. Pate, chini ya watawala wa ukoo wa Nabahani, ilitajirika kwa biashara ya Bahari ya Hindi, kisha ikadhoofishwa na ugomvi wa kugombea utawala na ushindani na jirani zake. Katika vita vya Shela, mnamo 1812 au 1813, Pate na washirika wake Wamazrui wa Mombasa walishindwa na Lamu, ambayo baadaye ilistawi chini ya hifadhi ya Sayyid Said wa Omani. Utenzi hukadiriwa kutungwa mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19. Hata kama uliitangulia Shela, ugomvi na ushindani huo ulikwishaanza, lakini lawama yote imewekwa kwenye ghururi ya dunia.

Huenda ikajibiwa kuwa utenzi wa mawaidha haudaiwi maelezo ya siasa. Hoja hiyo ni sahihi, na ndiyo inayomzuia mtafiti kuutumia utenzi kama ushahidi wa chanzo cha anguko. Unachokishuhudia kwa uhakika ni namna tabaka lililopoteza lilivyouelewa msiba wake. Mshairi, aliyetoka katika ukoo wa masharifu, anawataja jamaa zake miongoni mwa waliotoweka. Taa zilizogeuza usiku kuwa mchana zimechorwa kwa uangalifu unaokaribia mapenzi. Moyo unaokaripiwa bado unavitamani vilivyopotea.

Umbo nalo linaunga mkono usomaji huu. Kila ubeti una mishororo minne ya mizani kumi. Mitatu ya kwanza hubadili kina kutoka ubeti hadi ubeti, ilhali wa nne hushikilia kina kilekile hadi mwisho. Fahari hubadilika sura, hatima ni moja.

Kwa hiyo, kuuita utenzi huu nadharia ya mzunguko wa historia ni kuupa matumaini usiyoyabeba. Mzunguko huahidi kwamba neema itarejea, walau kwa wengine. Al-Inkishafi inamwelekeza msomaji Akhera, na kuyaacha magofu ya Pate bila mwenyewe.