Sungura Aliyepoteza Koti: Beatrix Potter na Ushindi Wake Mdogo Mdogo

Tunapoambiwa tuchague mwandishi wa kuhakiki, wengi wetu tunaosoma Kiswahili hukimbilia riwaya nzito na tamthilia za siasa. Fasihi ya watoto huachiwa wenzetu wanaosomea ualimu wa shule za msingi, kana kwamba kitabu kidogo kinahitaji akili ndogo. Katika insha hii nimekwenda kinyume na mazoea hayo. Ninamhakiki Beatrix Potter, Mwingereza aliyeishi kati ya 1866 na 1943 na kuandika visa vya wanyama vinavyosomwa hadi leo. Nina hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba fani ya vitabu vyake ilitokana na kazi za kila siku na ushindi mdogo mdogo, si na tukio moja kubwa. Ya pili ni kwamba sisi tuliolelewa na Sungura wa ngano za Afrika Mashariki tunaweza kumsoma sungura wake kwa jicho ambalo wahakiki wa kwao hawana.

Potter alizaliwa London katika familia yenye mali. Hakupelekwa shule. Alifundishwa nyumbani na walimu wa kike walioajiriwa na wazazi wake, na wenzake wa kucheza walikuwa kaka yake mdogo pamoja na wanyama waliowafuga chumbani: sungura, panya, vyura, nungunungu wadogo. Wanyama hao aliwachora kila siku. Mmoja alipokufa, alichunguza hata mifupa yake ili ajue mguu unavyoungana na kiuno. Tangu ujana wake aliandika shajara kwa maandishi ya siri aliyoyabuni mwenyewe, na hakuna aliyeweza kuyasoma mpaka 1958, miaka 15 baada ya kifo chake. Baadaye akauchunguza uyoga kwa hadubini, akaandika makala kuhusu namna unavyoota. Makala hayo yaliwasilishwa mwaka 1897 mbele ya Linnean Society, chama cha wanasayansi cha London. Yeye mwenyewe hakuwapo, kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria vikao.

Wahakiki wengi husimulia sehemu hii ya maisha yake kama msiba: binti mpweke, mwanasayansi aliyefungiwa mlango. Sikatai kwamba mlango ulifungwa. Lakini tukiishia kumhurumia tutapitwa na jambo muhimu la kifasihi. Ile miaka mingi ya kuangalia ndiyo iliyompa mbinu yake. Sungura wa Potter huvaa koti, ila mwili ulio ndani ya koti ni wa sungura kweli. Akikimbia kwa hofu, anatumia miguu yote minne. Akijificha, masikio yake hukaa jinsi masikio ya sungura yanavyokaa. Katika tahakiki tumezoea kusema kwamba tashihisi humpa mnyama sifa za binadamu. Potter anaongeza sharti: mpe mnyama nguo na majina, lakini usimnyang'anye unyama wake.

Sasa tutazame jinsi kitabu chake cha kwanza kilivyopatikana. Septemba 1893, akiwa mapumzikoni Scotland na familia yake, alimwandikia barua mtoto mgonjwa, mwana wa mwanamke aliyewahi kuwa mwalimu wake. Hakuwa na habari ya kumweleza, hivyo akamsimulia kisa cha sungura wanne, akakipamba kwa michoro ya kalamu. Miaka kadhaa baadaye aliiazima barua ile, akairefusha, akaipeleka kwa wachapishaji. Wakaikataa mmoja baada ya mwingine. Baadhi yao walitaka kitabu kikubwa zaidi, ambacho kingeuzwa kwa bei kubwa zaidi. Yeye alitaka kitabu kidogo kinachotosha katika mkono wa mtoto, tena kwa bei ambayo watu wa kawaida wangeimudu. Mwishowe, Desemba 1901, akachapisha nakala 250 kwa fedha zake mwenyewe, akazigawa na kuziuza kwa jamaa na marafiki. Mwaka uliofuata kampuni ya Frederick Warne, ambayo ilikuwa miongoni mwa waliokataa, ilikubali kukichapisha iwapo angetia rangi katika michoro. Kikauzwa kwa shilingi moja.

Ninaona nakala zile 250 kuwa ushindi mkubwa kuliko maelfu yaliyokuja baadaye. Mwandishi aliyekataliwa ana njia mbili zinazojulikana: kukata tamaa, au kubadili kazi yake impendeze mchapishaji. Potter alipata ya tatu. Alikiweka kitabu kama alivyokitaka mikononi mwa watoto, akaonyesha kwamba wanakitaka. Aliposhinda katika jambo hilo dogo la ukubwa wa ukurasa, alikuwa ameshinda katika fani nzima. Kila sentensi ililazimika kutosha katika ukurasa mdogo, kando ya picha moja. Kwa hiyo msomaji hufunua ukurasa mara nyingi, na kila anapofunua kuna hatari mpya. Msuko wa kisa unafuata mwendo wa mkono wa mtoto.

Udogo wa kitabu haukumfanya apunguze lugha. Katika kisa cha 1909 kuhusu watoto wa sungura waliolala baada ya kula majani ya saladi, alitumia neno gumu la Kiingereza lenye asili ya Kilatini kueleza kwamba majani hayo huleta usingizi. Mtoto wa miaka mitano hawezi kulijua neno hilo, lakini analifahamu kwa kuwa anawaona sungura wamelala. Nimejiuliza mfasiri wa Kiswahili angefanya nini hapo. Akisema majani hayo "yanaleta usingizi", amefikisha maana na kupoteza utamu. Akisema "yanavuta lepe", mtoto wa Kampala au Kigali atasimama kidogo aulize lepe ni nini, na picha itamjibu. Kwa sisi ambao Kiswahili si lugha ya kwanza, jambo hili si dogo. Vitabu tunavyoandikiwa mara nyingi hutuchujia maneno mpaka lugha inabaki maji matupu, kwa hofu kwamba hatutaelewa. Potter anatufundisha kwamba neno geni halimfukuzi mtoto likiwekwa mahali panapolieleza.

Nije kwa Sungura wetu. Waganda humwita Wakayima, Wanyarwanda humwita Bakame, na Waswahili humwita kwa jina lake tu, Sungura. Sifa yake ni moja kote: ujanja. Katika ngano inayojulikana sana katika ukanda huu, wanyama wanachimba kisima wakati wa kiangazi. Sungura anakataa kufanya kazi, kisha usiku anakuja kunywa maji na kuwacheka walinzi. Anakuja kunaswa na Kobe aliyejificha majini, na katika masimulizi mengine anaponyoka tena kwa ulimi wake. Hadhira hucheka. Ni mwizi, nasi tunampenda, kwa sababu walio juu yake wana meno na yeye ana maneno tu.

Peter wa Potter naye ni mwizi. Mama yake amemwonya asiingie shambani kwa Bw. McGregor, maana baba yake aliingia humo akaishia kuwa kitoweo. Anaingia hata hivyo, anakula saladi, maharagwe na figili mpaka tumbo linamsumbua, kisha anakutana ana kwa ana na mwenye shamba. Hapo ndipo njia za sungura hawa wawili zinapoachana. Peter hana ujanja. Anakimbia, anasahau njia ya kutokea, vifungo vya koti lake vinanasa katika wavu, analia. Anaokoka kwa kuliacha koti. Anajificha ndani ya kopo la kumwagilia maji lenye maji, kisha anapiga chafya. Anafika nyumbani bila koti wala viatu, anapewa dawa na kulazwa, huku dada zake waliotii wakila mkate, maziwa na matunda ya porini.

Msomaji wa haraka atasema hiki ni kisa cha "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", na kwamba sungura wa Kiingereza ameletwa kuwatisha watoto watukutu. Sikubaliani na usomaji huo. Kisa kinatuacha muda wote upande wa Peter. Dada zake watiifu hawapewi hata ukurasa mmoja wa kusisimua. Msimulizi hahubiri mwishoni. Anatueleza tu nani alikunywa nini na nani alikula nini, kisha ananyamaza. Zaidi ya hayo, katika kisa cha 1904 Peter anarudi shambani pamoja na binamu yake Benjamin kuchukua nguo zake, ambazo mwenye shamba amezigeuza kinyago cha kutishia ndege. Wanachapwa na baba yake Benjamin, lakini wanarudi na koti, viatu na vitunguu vya kumpelekea mama, naye mama anasamehe kwa furaha ya kuyaona mavazi. Benjamin anatembea shambani humo bila wasiwasi, kama mtu wa nyumbani. Wakayima angemtambua.

Tofauti yenyewe, kwa maoni yangu, iko katika aina ya ushindi. Sungura wetu hushinda wakubwa: Simba, Fisi, Tembo. Ushindi wake ni wa wanyonge wote wanaosikiliza, ndiyo maana unapaswa kuwa mkubwa na wa kuchekesha. Peter hamshindi mtu. Ushindi wake ni kuliona geti kwa mbali akiwa juu ya toroli, kupumua, na kukimbia. Ngano humwambia mtoto kwamba akili hushinda nguvu. Kisa cha Potter humwambia kwamba hata mwoga asiye na akili nyingi anaweza kufika nyumbani. Mtoto anahitaji kusikia yote mawili. Nasema hivyo kwa sababu wengi wetu darasani si Wakayima. Tunapata hofu, tunasahau njia, na tunafika tukiwa tumepoteza koti.

Hata hivyo, sisi wana wa wakulima hatuwezi kumsoma Bw. McGregor kama adui tu. Nyumbani kwetu maharagwe ndiyo karo ya shule. Anayeyala usiku, awe ngedere au sungura, anakula muhula wa mtoto. Kisa hakitoi nafasi ya kuuliza mwenye shamba atakula nini, na hapo naona pengo la mwandishi aliyekua bila kulima. Ajabu ni kwamba maisha yake yalimpeleka upande huo huo wa ua. Mwaka 1905 alikubali kuchumbiwa na Norman Warne, mhariri wake katika kampuni ile, ingawa wazazi wake walimdharau kwa sababu alikuwa mtu wa biashara. Mwezi mmoja baadaye Norman akafariki. Mwaka huo huo Potter alinunua shamba la Hill Top katika kijiji cha Near Sawrey, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, akaanza kujifunza kulima na kufuga. Mwaka 1913 aliolewa na William Heelis, mwanasheria wa huko, na tangu hapo majirani walimjua kama Bibi Heelis mwenye kondoo.

Wapo wahakiki wanaosikitika kwamba baada ya ndoa vitabu vyake vilipungua. Ni kweli vilipungua. Macho yalidhoofika na shamba lilidai mikono yake. Lakini ninaona tabia ile ile ikiendelea. Aliyehesabu mistari ya manyoya kwenye mgongo wa sungura sasa alikagua miguu ya kondoo wa Herdwick, aina ya milimani iliyokuwa ikififia. Alishinda tuzo katika maonyesho ya wilaya, na mwaka 1943 wafugaji wa kondoo hao walimchagua awe rais wa chama chao, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa hivyo. Alifariki Desemba mwaka huo kabla ya kushika kiti. Aliacha zaidi ya ekari 4,000 kwa shirika la hifadhi la National Trust, akitaka mashamba yaendelee kufugwa kondoo hao. Ardhi hiyo ilinunuliwa, kwa sehemu kubwa, kwa shilingi za vitabu vidogo.

Sitaki kumpamba kupita kiasi. Wanawake katika visa vyake wengi ni akina mama wa kununua mkate na kufua nguo, na utukutu wenye sifa huachiwa wa kiume. Umaskini huonekana mara chache, na ukionekana hupendeza kama picha. Mhakiki wa kwetu anapaswa kuyasema haya. Lakini kasoro hizo hazifuti somo ambalo sisi tunalihitaji sasa.

Vitabu vingi vya Kiswahili ambavyo mtoto wa hapa Uganda hukutana navyo ni vya kiada, vyenye maswali mwishoni mwa kila sura. Hafungui kitabu ila mwalimu amesema. Tunaweza kuendelea kusubiri mchapishaji mkubwa, sera mpya na mfadhili. Au tunaweza kujifunza kwa mwanamke aliyelipia nakala 250: kila mmoja wetu aandike kisa kimoja cha Wakayima kwa Kiswahili, kwa ukubwa wa kiganja, kwa maneno ambayo hayakuchujwa, akisome kwanza kwa mtoto mmoja anayemfahamu, na akirekebishe pale mtoto anapopiga miayo. Tukitoa chapa watoto 20 wa mtaa mmoja wakakisoma bila kuulizwa maswali mwishoni, nitauhesabu kuwa ushindi wa fasihi, na nitaomba uhakikiwe darasani kama riwaya yoyote.